Spice Business: jarida la wenye mikahawa, lisomwapo kutoka Unguja

Mtu anayeendesha mkahawa wa vyakula vya Kihindi Mji Mkongwe hana jarida la kazi yake. Bei ya mchele wa basmati huisikia kwa muuzaji wa jumla wa Darajani, habari za kodi huzipata siku ofisa wa Mamlaka ya Mapato anapofika mlangoni, na habari za mpishi aliyeacha kazi mahali fulani na sasa anatafuta pengine huzipata barazani baada ya sala ya alasiri. Kwa hivyo jarida la Spice Business, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1998 kwa ajili ya wenye mikahawa ya vyakula vya Bara Hindi, lina mvuto wake kwa msomaji wa huku ingawa halikuandikwa kwa ajili yake. Nakala nilizozisoma ni za miaka mbalimbali, nyengine za zamani kidogo, na zilikuwa zimeshapita mikono kadhaa kabla ya kunifikia. Nimezisoma kwa nia moja, ambayo ni kutazama jarida la namna hii linamfaa nini mwenye mkahawa wa Unguja au Pemba.

Mwanzilishi wake, Enam Ali, alizaliwa Sylhet, kaskazini mashariki mwa Bangladesh ya leo, na alikwenda Uingereza katika miaka ya 1970 kwa nia ya kusoma sheria. Badala ya mahakamani aliishia mikahawani, na mwaka 1989 alifungua mkahawa wake wa Le Raj huko Epsom, kusini mwa London. Mwaka 2005 aliongezea tuzo za mikahawa hiyo, British Curry Awards, ambazo baadaye David Cameron, akiwa Waziri Mkuu, alizifananisha na tuzo za Oscar za filamu, na maneno hayo yamekuwa yakinukuliwa kila zinapotajwa. Ali alitunukiwa MBE, nishani ya heshima ya Uingereza, mwaka 2009 na alifariki dunia Julai 2022. Naeleza habari zake kwa sababu jarida limechukua sura yake kwa kiasi kikubwa: ni jarida la mtu aliyetaka kuwa wakili, akawa mwenye mkahawa, kisha akaona kwamba wenye mikahawa wenzake hawana wa kuwasemea. Anayelifungua akitarajia kufundishwa kupika atalifunga upesi.

Kazi ambayo jarida hili linaisemea ina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Sheikh Deen Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua Hindoostane Coffee House jijini London mwaka 1810, na mkahawa wa Veeraswamy ulifunguliwa Regent Street mwaka 1926. Lakini wingi wa mikahawa inayoitwa ya Kihindi nchini humo haukutoka India kama ilivyo leo. Ulitokana na mabaharia wa Sylhet walioshuka melini na kubaki bandarini, wakaanza kwa kuosha vyombo na kupika katika vyumba vya chini, kisha wakanunua mikahawa iliyokuwa imechoka baada ya Vita Vikuu vya Pili, na baadaye wakawaita ndugu, wajomba na watoto wa majirani zao. Mlangoni waliandika kuwa ni mkahawa wa Kihindi kwa sababu hilo ndilo jina ambalo mteja wa Kiingereza alilijua. Kufikia mwaka 2001 Waziri wa Mambo ya Nje, Robin Cook, alisimama hadharani na kusema kuwa kuku wa tikka masala ni mlo wa kweli wa taifa la Uingereza. Mzanzibari hawezi kushangaa kwamba chakula kilichokuja na merikebu kinaweza kugeuka kuwa cha wenyeji, na jambo hilo nitalirejea, kwa kuwa ndipo jarida linapopungukiwa.

Nguvu ya Spice Business iko katika ukaidi wake. Limelishika suala moja na halikuliachia, nalo ni uhaba wa wapishi. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mfumo wa pointi kwa wahamiaji wa kazi mwaka 2008, wenye mikahawa ya Kibangladeshi, ya Kichina na ya mataifa mengine waliandamana hadi Trafalgar Square mwezi Aprili mwaka huo huo. Kufikia mwaka 2016, mpishi kutoka nje ya Ulaya alitakiwa awe analipwa pauni 29,570 kwa mwaka ndipo apewe kibali, baada ya kuondoa gharama za malazi na chakula, na mkahawa uliokuwa ukiuza pia chakula cha kuchukua nyumbani haukuruhusiwa kumwajiri kwa njia hiyo. Msomaji asiyeijua kazi hii anaweza kudhani kuwa sharti hilo la mwisho ni dogo, ilhali mkahawa wa mtaani usiouza chakula cha kuchukua haupo, wala huko wala Vikokotoni. Mwaka huo huo wa 2016, baadhi ya viongozi wa wenye mikahawa waliunga mkono kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya kwa sababu waliahidiwa na wanasiasa, Priti Patel akiwa mmojawao, kwamba baada ya kujitoa milango itafunguka kwa wapishi wa Asia Kusini. Milango haikufunguka kwa namna waliyoitarajia. Haya yote, ukiyasoma katika jarida la kazi badala ya gazeti la siasa, yana ladha nyengine, kwa sababu yanahesabiwa kwa meza zilizofungwa na masaa ya jioni yasiyo na mtu wa kusimama mbele ya tanuri.

Hapa ndipo mwenye mkahawa wa Mji Mkongwe anapoweza kujiona kama anajisoma. Mpishi wa tanuri hapatikani kwa kozi ya miezi mitatu. Mtu anayejua kuubandika mkate wa naan kwenye ukuta wa tanuri kwa mkono mtupu, akajua kwa jicho lini moto umezidi, na akaweza kuutayarisha unga asubuhi kwa wateja wa usiku, amejifunza kwa miaka akiwa chini ya mtu mwengine. Wengi wa wenye mikahawa ya aina hiyo Unguja huwaleta kutoka India, hulipa ada za kibali cha kazi na cha ukaazi, humpa mpishi chumba na chakula, na bado hulala wakihofia kuwa hoteli kubwa ya Nungwi au Kiwengwa itamwongezea mshahara na kumchukua. Taasisi ya Maendeleo ya Utalii ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), iliyoko Maruhubi, inatoa vijana wanaojua usafi wa jikoni na adabu za mezani, ila tanuri ni fani inayotaka kukaa nayo. Jarida linaonesha kuwa hata nchi tajiri yenye maelfu ya mikahawa ya namna hiyo haijalitatua jambo hili, na mwenye kampuni ndogo ya huku hupata angalau faraja ya kujua kwamba si uzembe wake peke yake.

Faraja, hata hivyo, si jawabu, na katika suala hili hili jarida linanikera. Limeyaelekeza macho yake yote kwa Serikali. Kurasa zinauliza kwa nini Wizara haitoi vibali, zinauliza tena katika toleo linalofuata, na ni mara chache sana zinauliza kwa nini kijana aliyezaliwa juu ya mkahawa wa baba yake, akakua akinusa bizari tangu utotoni, hataki kabisa kuingia jikoni. Jibu linajulikana na kila mwenye kupita nyuma ya mkahawa: kazi huanza mchana, hukatika alasiri kwa saa chache zisizotosha kwenda nyumbani, kisha huendelea hadi usiku wa manane, siku sita kwa wiki, na ujira ni mdogo. Baba aliyepitia hayo ndiye aliyemtuma mwanawe akasome uhasibu. Kumlaumu ofisa uhamiaji ni rahisi zaidi kuliko kumwambia msomaji, ambaye pia ndiye mlipaji wa matangazo, kwamba saa za kazi na mishahara yake ni sehemu ya tatizo.

Kwa nini jarida halisemi hivyo linaeleweka ukikumbuka yaliyolipata jarida jengine la kazi hiyo hiyo. Kabla ya Spice Business kulikuwa na Tandoori Magazine, lililohaririwa na Iqbal Wahhab na kuhusishwa na Karan Bilimoria, mwanzilishi wa bia ya Cobra iliyokuwa ikiuzwa katika mikahawa ya Kihindi kote Uingereza. Mwaka 1998 Wahhab aliandika tahariri ya kuwakemea wahudumu wa mikahawa hiyo kwa kununa mbele ya wateja, na lugha aliyoitumia haikuwa ya upole. Wenye mikahawa walichachamaa, walitaka afukuzwe, na wengi walisusia kuuza bia ya Cobra kwa sababu tu ya uhusiano wake na jarida hilo, hasara ambayo nusura iiangushe kampuni. Wahhab aliondoka, na mwaka 2001 alifungua mkahawa wa Cinnamon Club katika jengo la maktaba ya zamani ya Westminster, mahali ambapo wahudumu hawakuthubutu kununa. Binafsi naona kuwa alichokisema kilikuwa na haki yake na namna alivyokisema ilikuwa mbaya. Lakini mhariri yeyote aliyefuata katika uwanja huo alijifunza kuwa msomaji wa jarida la kazi anaweza kulipa ili asifiwe, anaweza kulipa ili asemewe, na hayuko tayari kulipa ili akosolewe.

Spice Business lilichagua kusema kwa niaba ya wasomaji wake, na limeifanya kazi hiyo kwa ustadi. Ukilisoma ukikumbuka hilo, kurasa za tuzo zinaeleweka vizuri zaidi. Picha ni nyingi kupita kiasi: wanaume waliovaa suti nyeusi wakishika vikombe, mbunge akitabasamu katikati, mke wa mwenye mkahawa akiwa pembeni bila jina. Mpishi mwenyewe haonekani sana. Kwa mtu wa nje ni kurasa za kurukwa, ila tuzo zenyewe zilikuwa na hesabu nzuri nyuma yake, kwani ni vigumu kwa waziri kukaa meza moja na watu 1,000 na zaidi, akala chakula chao, kisha akasema hazijui shida zao. Mtu aliyesomea sheria alijua kuwa ombi hupokewa vizuri likisindikizwa na karamu. Tukitazama huku kwetu, ambako zaidi ya wageni 700,000 walifika mwaka 2024, sijaona wenye mikahawa midogo wakijikusanya kwa namna hiyo. Wenye hoteli wana jumuiya yao na husikilizwa, mwenye mkahawa wa meza nane Hurumzi husubiri abaini sheria mpya siku anayotozwa faini.

Matangazo ni mengi, kama yalivyo katika kila jarida la biashara, na mimi sikuyachukia. Kwa kweli niliyasoma kwa makini kuliko baadhi ya makala. Matanuri ya gesi, vifaa vya kufyonza moshi jikoni, samli kwa madebe, mchele kwa magunia, bima ya moto, wahasibu wanaojua lugha ya Kibangla, mifumo ya kupokea oda kwa simu: ukiyapanga unapata picha ya gharama za mkahawa ambayo hakuna makala iliyothubutu kuitoa kwa uwazi. Ubaya ni kwamba mipaka kati ya tangazo na makala haionekani vyema kila mahali. Sifa za bidhaa zikija kwa herufi zile zile na mpangilio ule ule wa habari, msomaji ana haki ya kuambiwa nani amelipia.

Katika mambo ya kiufundi, yapo yanayovuka bahari bila shida na yapo yanayobaki yalikotoka. Kodi hubaki. Uingereza ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani kwa chakula cha mikahawani kutoka 20% hadi 5% mwezi Julai 2020 kwa sababu ya janga la korona, ikaipandisha hadi 12.5% Oktoba 2021 na kuirejesha 20% Aprili 2022, na malalamiko ya wenye mikahawa juu ya kupanda huko yanafahamika. Zanzibar ina sheria yake ya kodi hiyo, tofauti hata na ya Tanzania Bara, kwa hivyo kurasa hizo zinasomwa kwa kujua tu jinsi wenzetu walivyojenga hoja zao.

Suala la mzio wa chakula, kwa upande mwengine, lingefaa litafsiriwe na kubandikwa katika kila jiko la Forodhani. Tangu Desemba 2014 mikahawa ya Uingereza inalazimika kuweza kumwambia mteja kama chakula kina chochote kati ya vitu 14 vinavyosababisha mzio, vikiwemo karanga, korosho na jamii yake, maziwa, mayai, samaki, kamba, ufuta na ngano. Mapema mwaka huo mteja mmoja wa North Yorkshire alifariki baada ya kula tikka masala iliyotiwa unga wenye karanga badala ya lozi, kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu zaidi, ilhali alikuwa ameshatoa taarifa kuwa karanga zinamdhuru. Mwaka 2016 mwenye mkahawa alihukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa kosa la kuua bila ya kukusudia. Kwa tasnia iliyozoea kubadilisha kiungo pale bei inapopanda, kesi hiyo ilikuwa tetemeko. Tuangalie jikoni kwetu: korosho katika biriani, karanga katika mchuzi wa baadhi ya mishikaki, kamba na samaki wanaokaangwa katika mafuta yale yale ya bajia, samli, maziwa ya mgando ya kuroweka kuku. Mgeni akiuliza kama kuna karanga, mhudumu hujibu kwa adabu kuwa hakuna, kwa sababu kumwambia mgeni maneno ya kumkatisha tamaa si ustaarabu, naye huenda hajaingia jikoni tangu asubuhi. Ningependa wenye mikahawa wa huku walisome hili kabla ya kitu chengine chochote.

Sasa nirejee kwenye upungufu niliougusia. Jarida lina neno la viungo katika jina lake, na bado viungo vyenyewe ndani ya kurasa zake ni bei kwa kilo na jina la muagizaji. Kwa msomaji wa Pemba jambo hilo linaudhi kidogo. Karafuu inayoingia katika garam masala ya Birmingham haikuanzia ghalani. Kuna mtu aliyepanda mkarafuu, akachuma vishada, familia ikakaa usiku ikitenganisha karafuu na makonyo, zikaanikwa juani kwenye majamvi huku macho yakiwa mbinguni kwa hofu ya mvua ya vuli, kisha zikapelekwa kupimwa kituoni kwa ZSTC, ambalo ndilo shirika la Serikali lenye haki ya kuzinunua. Karafuu iliyonyeshewa na ikakauka vibaya hupoteza rangi na mafuta, na mpishi wa London ataongeza kiasi bila kujua sababu. Makala moja tu ya namna hiyo, ya kumweleza mnunuzi jinsi ya kutambua karafuu nzuri kwa kichwa chake kilichokaa imara na mafuta yanayotoka ukiiminya kwa ukucha, ingemfaa mwenye mkahawa kuliko ukurasa mwengine wa vikombe na suti.

Upungufu wa pili ni wa mawazo zaidi. Jarida linaichukulia mikahawa ya Asia Kusini kama tasnia inayosimama peke yake, yenye mipaka yake, inayotakiwa kulindwa ili isife. Zanzibar ingeweza kulionesha njia nyengine. Wakutchi, Wagujarati, Mabohora, Makhoja na Wagoa waliokuja visiwani hawakuacha mlolongo wa mikahawa, ijapokuwa michache mizuri ipo. Waliacha chapati inayopikwa kila nyumba, sambusa na kachori za futari, biriani ya harusi inayopikwa na wapishi wa Ng'ambo wasio na nasaba yoyote ya India, na urojo ambao hakuna mji wa India utakaokubali kuwa ni wake. Chakula chao kilihamia katika masufuria ya watu wengine, kwa hivyo hakiwezi kufungwa na uhaba wa vibali. Wenye mikahawa wa Uingereza wanaolia kuwa hawana warithi wangeweza kujiuliza kama mrithi lazima awe mtoto wa Sylhet. Katika nakala nilizosoma, wazo la kumfundisha tanuri kijana wa Kipolandi au wa Kijamaika linapita kwa haraka, kama jambo la dharura.

Mshindani wake wa karibu, Curry Life, lililoanzishwa mwaka 2003 na ndugu wawili waandishi wa habari, Syed Nahas Pasha na Syed Belal Ahmed, lina mkono wa uandishi ulio mwepesi zaidi na linawajali wapishi zaidi kidogo kuliko hili. Anayetaka habari za chakula chenyewe aanze na hilo. Anayetaka kujua jinsi wafanyabiashara wadogo, wengi wao wasiojua vyema lugha ya ofisini, walivyojipatia sauti mbele ya Serikali iliyokuwa haiwajui, asome Spice Business, na asome nakala za zamani hasa, za kati ya mwaka 2005 na 2016, wakati vita vya vibali vilipokuwa vimepamba moto.

Lugha yake ni Kiingereza chepesi ambacho mtu aliyemaliza skuli ya sekondari Unguja atakifuata bila kamusi. Kwa mkahawa mmoja mmoja sioni haja ya kulilipia na kulisafirisha hadi huku. Kama wenye mikahawa watano au sita wa Shangani, Kiponda na Malindi wangechangia, wakampa meneja mmoja kazi ya kulipitia na kuwatolea yale ya mzio, ya usafi wa matanuri na ya kupanga bei za orodha ya vyakula, fedha yao ingerudi. Mpishi asisumbuliwe nalo. Meneja huyo naye, akishamaliza kurasa za tuzo, aandike barua kwa mhariri kuulizia bei anayolipa mnunuzi wa London kwa kilo ya karafuu za Pemba, kisha ailinganishe na bei ya kituo cha ZSTC cha Wete.